Lori Namba Kumi na Saba

Saa nane usiku, Januari, natia chumvi mji mzima
kama mpishi asiyeonja anachokipika.
Jembe la chuma mbele, redio inakoroma,
kahawa ilipoa zamani, nainywa hivyo hivyo.

Ukiwa mbali ukaulizwa kwenu wapi,
unajibu: "Karibu na Chicago."
Si karibu. Ni saa moja na nusu, na kusiwe na ajali.
Lakini nani ana subira ya kuelezewa Rockford?
Tulitengeneza skrubu. Basi.
Huenda kiti ulichokalia hakijakuangusha
kwa kuwa babangu alisimama miaka thelathini na mmoja
mbele ya mashine moja,
akastaafu na vidole tisa na saa ya ukutani.

Si mji mdogo, huwezi kumjua kila mtu.
Si mkubwa, huwezi kumkwepa yeyote.
Aliyeniacha nakutana naye kwenye foleni ya maziwa,
yeye na mumewe, ambaye ndiye aliyening'oa gego.
Tunasalimiana. Tunaisema baridi.
Baridi haina mwenyewe.

Kila mahali ni dakika ishirini.
Hospitali, dakika ishirini. Kazi, ikipatikana, dakika ishirini.
Maegesho hayakosekani, hukosekana wa kuegesha:
saa kumi na mbili jioni katikati ya mji
taa zinageuka kijani, nyekundu, kijani,
zikiuamrisha upepo.

Nyumba nazijua kwa madirisha.
Jikoni kwa Keomany huwaka saa tisa,
anapika wali wa kunata kabla ya zamu ya ghalani.
Kwa Tarantola inawaka televisheni isiyo na mtazamaji.
Ile ya matofali, pale konani, haiwaki.
Iliuzwa kwa bei ya gari kuukuu
kwa mtu wa Arizona ambaye hajaiona.

Juzi, kwenye mtaa usio na pa kutokea,
alitoka mwanamke na koleo,
vazi la kulalia ndani ya koti la marehemu mumewe,
akasimama mbele ya taa zangu kana kwamba anazuia treni.
"Nimefukua mara mbili! Mara mbili umenifukia!"
Kweli tupu. Jembe halichagui:
kinachoondolewa barabarani
sharti kilale mlangoni mwa mtu.
Nikashusha kioo niombe radhi.
Akanikodolea. Akalitaja jina langu lote,
lile la kwenye rejista:
"Leotis Emmanuel Gaines.
Darasa la tatu. Uliandika Februari ukaila r."

Bi. Okerlund! Sauti ileile ya chaki.
Nina miaka hamsini na minne. Nikavua kofia.

Nikashuka, nikafukua, yeye akisimamia
na kunisahihisha ninavyoshika mpini.
Akauliza, "Mama yako yuko wapi siku hizi?"
Nikasema upande wa mashariki, dakika ishirini,
chini ya mwaloni, tangu Novemba.
Hakusema pole. Alinifunga kifungo cha koti,
kile cha juu, ambacho huwa sikifungi.
Theluji ikaanza tena kuanguka
palepale tulipokwisha kuitoa.

Redio ikauliza: "Kumi na saba, umekwama?"
Nikadanganya kwamba chumvi imeganda.

Binti yangu hunipigia Jumapili kutoka Denver.
"Lakini baba, huko kuna nini?"
Kila mara nalitafuta jibu, halafu namwambia
kumeanguka inchi nne, labda tano.

Asubuhi ile nilirudi nyumbani macho mazito
nikakuta njia yangu imefukiwa hadi kiunoni.
Lori namba tisa. Dereva wake namjua,
ni mdogo wake yule wa meno.
Nilikaa garini kidogo, nikicheka peke yangu,
kisha nikatoa koleo,
nikashika mpini chini zaidi, kama nilivyoambiwa.